Mguu wa Ngalula Uliowekwa Ghalani

Golikipa huona mengi kuliko mshambuliaji, kwa sababu muda mwingi hana kazi. Misimu yote ambayo Ngalula aliichezea Étincelle, timu ya wanawake ya kambi yetu hapa Kolwezi, mimi nilikuwa golini nyuma yake, na ninachokikumbuka zaidi ni mgongo wake ukienda mbali nami. Hakurudi kukaba hata siku moja. Ukimwita aje kutusaidia, alijibu kwamba nyuma kuna watu wa kutosha wanaojua kupiga kelele. Mimi naitwa Godelieve Numbi, na kelele nazijua, sikatai. Lakini habari zake watu wanazisimulia vibaya. Wanaongeza uchawi usiokuwepo na kumwacha mama yake aliyekuwepo, na hilo linanikera mno. Kwa hiyo nitasimulia mimi.

Alizaliwa hapa hapa, katika hospitali ya kampuni ya migodi, kama sisi sote. Babu yake aliletwa na Wabelgiji kutoka Kasai wakati shimo la mgodi lilikuwa bado kilima. Baba yake, mzee Tshilombo, aliendesha treni ya mawe ya shaba mpaka akafa. Ngalula mwenyewe Kasai hakuijua hata kwa picha, na lugha ya kwao aliivunjavunja mpaka mama yake, Mama Adolphine, akawa anaziba masikio. Alichokijua ni uwanja wetu wa udongo mwekundu nyuma ya karakana, na goli la upande wa pili. Alikuwa akifunga kwa mguu wa kulia tu. Wa kushoto, alisema, Mungu alimpa wa kusimamia.

Mguu huo wa kulia ulivunjika Tenke, tulipocheza na wanawake wa reli. Beki wao alikuwa mama mmoja mnene, muuza samaki wakavu, ambaye alimwendea Ngalula kwa haraka kuliko alivyowahi kumwendea mteja. Tulisikia mfupa mpaka golini. Tukamrudisha Kolwezi juu ya magunia ya mahindi, akitukana njia nzima.

Wakati huo kampuni ilikuwa imeanza kuugua. Hospitalini zilikwisha bendeji, kisha shuka, na sasa hapakuwa na chuma cha kuunganishia mfupa. Daktari Muamba, mtu wa Kasai naye, hakukata tamaa. Akaenda karakana kwa fundi Kisimba, aliyekuwa akichonga vipuri vya pampu. Kisimba akaomba kipande cha chuma kisichoshika kutu kwa Tata Mukuna, mzee mtunza ghala. Akakikata, akakitoboa, akaking'arisha. Na kwa kuwa hakuna kitu kilichotoka katika karakana ile bila alama, iwe pampu au kijiko cha kantini, Kisimba akashika nyundo na kukigonga alama ya kampuni. Daktari akakichemsha na kukitia mguuni na alama yake. Kisimba alipoulizwa kwa nini alifanya hivyo, alishangaa kuulizwa.

Mguu ulipona, ila ukawa unavuta upande wa kulia, na mshambuliaji anayekimbia upande hafiki golini. Ndipo akawa kocha. Alifundisha kama alivyocheza: mpira wote mbele, watu wote mbele. Sare kwake ilikuwa ugonjwa. Tulishinda tano kwa nne, sita kwa tano, na zile nne na tano zote zilipita kwangu. Nilipolalamika, alinipiga begani na kuniambia kwamba watu hulipa kuona magoli, hawaji kumtazama golikipa akiwa na amani.

Kisha kampuni ikaanguka kweli. Posho ya unga ikakoma, mabasi ya wafanyakazi yakasimama, nyaya za shaba zikawa zinaondoka zenyewe usiku. Wakubwa walihitaji mtu wa kulaumu, na hawakwenda mbali kumtafuta. Yakatoka maneno kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Wengi wao walikuwa wamezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, lakini waliambiwa warudi. Mimi ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, mlango wangu haukuguswa, na hata leo nikikumbuka nasikia aibu.

Kijana aliyeongoza wafukuzaji katika mtaa wetu aliitwa Kabamba. Kabamba huyo huyo alikuwa rais wa mashabiki wa Étincelle, mpiga ngoma wetu, mtu aliyempenda Ngalula kuliko alivyompenda padri. Alhamisi moja alifika mlangoni kwake na vijana na marungu, ngoma ya timu mgongoni, akabisha hodi kwa adabu.

"Kocha, bonjour. Tumekuya kukufukuza."

"Leo?"

"Njo leo. Pardon sana, kocha. Na dimanche tuko na match ya coupe na Tenke, usisahau."

Ngalula akamwambia mechi ya kombe ya Jumapili hataisahau. Vijana wakatoa vyombo. Kabamba mwenyewe alibeba godoro la Mama Adolphine kichwani mpaka stesheni ya reli, akiwafokea wenzake wasivunje masufuria ya wazee.

Stesheni ilikuwa imegeuka mji. Watu waliingoja treni ya Kasai kwa miezi, chini ya plastiki na milango waliyoing'oa nyumbani kwao. Ngalula na mama yake walipata nafasi kati ya kabati la mwalimu na cherehani ya mtu. Mama Adolphine akafagia kipande chao kama alivyofagia uani kwake, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akapika. Wachezaji wetu wenye asili ya Kasai nao walikuwa pale pale, wametawanyika kati ya mizigo.

Jumapili Kabamba alirudi na mkokoteni. Akampandisha kocha, akawapanga wachezaji nyuma, akasimama juu ya kreti ya bia na kutangaza:

"Kwa dakika makumi tisa, hawa ni batoto ba hapa! Mutu asibaguse! Arbitre akipiga filimbi ya mwisho, tunabarudisha ku gare."

Watu wakapiga makofi, hata kwa hilo la kurudishwa stesheni. Uwanjani tukawakuta Tenke nao wameokota wachezaji wao kwenye stesheni yao kwa mpango huo huo. Yule beki wao, muuza samaki, kumbe naye alikuwa wa Kasai. Alikuja na godoro lake, akaliweka nyuma ya goli, kwa kuogopa kuibiwa.

Kabla ya mechi Ngalula alituita tukae chini. Tulingoja atuambie mpira wote mbele. Akajikuna goti.

"Leo musifunge," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza: hii ni mechi ya kombe, lazima apatikane mshindi. Bila goli kuna muda wa nyongeza, na baada ya nyongeza kuna penalti, na penalti bila goli hazina mwisho. Wakati wote huo hakuna atakayerudishwa stesheni. Nikatazama upande wa Tenke. Kocha wao naye alikuwa amewakalisha wasichana wake chini, na yule muuza samaki alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa.

Sijawahi kuona mechi ya heshima kama ile. Mpira ulipelekwa kwa mtu na kurudishwa kwa mtu, kwa maneno ya karibu, samahani na asante. Joyeuse wetu, mshambuliaji, alijikuta peke yake mbele ya goli tupu. Akausimamisha mpira, akainama kuvuta soksi, akavuta na ile nyingine, mpaka beki wa Tenke akafika akihema na kumshukuru. Kabamba alipiga ngoma mpaka ikapasuka. "Fungeni! Munalala?" Wakati wa nyongeza ulipofika alienda kuongea na mwamuzi, kisha akatangaza kwa sauti ya huzuni kwamba uenyeji wa wachezaji nao umeongezwa.

Penalti zikapigwa angani, zikapigwa kwenye miti, zikapigwa kwa watazamaji. Niliitwa kupiga mimi pia, na yangu ilivuka paa la karakana. Ngalula alikaa kwenye mkokoteni wake, mguu umenyooka mbele, na kila mpira ulipokwenda nje alipiga makofi. Machozi yalikuwa yakimtoka. Maisha yake yote mwanamke yule hakuwahi kufurahia mpira uliokosa goli. Mwamuzi aliendelea kuhesabu sifuri mpaka hakuuona tena mpira kwa giza, na taa za uwanja zilikuwa zimeibwa zamani. Kombe halikupata mwenyewe. Kabamba akawakusanya, akawarudisha stesheni. Nilimwona kwa macho yangu: alikuwa analia, na alikuwa anawarudisha.

Njiani Ngalula aliniambia, "Godelieve, mi sitaki kwenda. Kule njo wapi? Mi najua hapa tu. Lakini mama hawezi kwenda ye moya." Akarudia tena: mama hawezi kwenda peke yake.

Treni ilikuja siku ya kazi, kwa wale waliokuwa bado na kazi. Mabehewa ya wazi, ya kubebea mawe. Watu walipanda juu ya mizigo na mizigo juu ya watu. Na penye njia ya kupandia alisimama Tata Mukuna, mtunza ghala, funguo shingoni.

Lazima nimweleze mtu huyu. Ghala lake lilikuwa limekwisha kuliwa. Ukuta wa nyuma ulibebwa tofali kwa tofali. Hata hivyo kila asubuhi Mukuna alifungua kufuli, akaingia kwa mlango, akakaa ndani akitazama barabara pale palipokuwa ukuta. Malori yalipita na mota za kampuni mchana kweupe na hakuna aliyeyasimamisha. Yeye alikuja stesheni kupekua vifurushi vya waliofukuzwa, kwa sababu desturi ya kampuni ni kwamba anayeondoka hurudisha vitu. Alikuwa amemnyang'anya mjane kijiko. Kabamba alimsaidia kupekua, tena kwa unyenyekevu, kwa kuwa Mukuna ni kaka ya mama yake. Kwa Wasanga, watu wao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema, maneno yamekwisha.

Mama Adolphine alikuwa amekwisha kupandishwa. Ngalula alipofika, akivuta mguu, Mukuna alimkodolea macho.

"We, simama. Ile chuma."

"Chuma gani, tata?"

"Ya ku mugulu. Ilitoka ku magasin yangu. Iko na alama. Kitu ya kampuni haitoke mu province."

"Mujomba," Kabamba akasema, "huyu anapaswa kwenda."

"Ye aende. Mugulu inabakia."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona hakuna mwingine anayecheka. Ngalula alikuwa amesimama na uso ule niliouona mara nyingi kwa upande, pale mabeki wanapoacha nafasi. Akakaa chini kwenye sakafu ya stesheni, akanyoosha mguu.

"Tata Mukuna iko na haki," akasema. "Mi siko mwizi. Siwezi kubeba kitu ya kampuni."

Kabamba akashika kichwa. Hawezi kubaki, kwa kuwa ni wa Kasai. Hawezi kwenda, kwa kuwa ni wa kampuni. Akapiga kelele chuma kitolewe basi, kitolewe sasa hivi. Kutoka ndani ya behewa Daktari Muamba akasimama juu ya masanduku.

"Nikitoe na nini? Byombo byangu byote muliiba!"

Kabamba akatazama chini. Koti la kijani alilovaa lilikuwa la chumba cha upasuaji.

Aliyeelewa kabla ya wote ni Mama Adolphine. Aliona kwamba binti yake atabaki na yeye atakwenda peke yake. Akashuka kutoka behewani, taratibu, kanga yake ikinasa kwenye chuma, hakuna aliyemsaidia. Akaja mpaka mbele ya Mukuna.

"Tata, we uliweka nini mu huyu mutoto?"

"Chuma, mama. Urefu ya kidole."

"Na ju ya kidole ya chuma, mugulu yote iko yako?"

"Iko ya kampuni, mama."

"Bon. Mi niliweka mugulu muzima. Nikaweka na ule mwingine. Nikaweka kichwa, nikaweka tumbo, nikaweka meno, ikatoka, nikaweka tena. Mi nidai kwa nani?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sisi tuliozaa tulitazama pembeni. Mukuna alivua kofia. Nilimwona akifikiri kwa bidii, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, ndiyo ilikuwa balaa yake. Kwao mtoto ni wa mama. Na ghalani, kipuri kidogo kikifungwa kwenye mashine kubwa hufuata mashine.

"Mama anasema kweli," akasema mwishowe. "Mugulu ni yake. Chuma inafuata mugulu. Mama, kamata mutoto yako, muende."

Ngalula alifunika uso kwa mikono. Alikuwa ameona nafasi ya kupita, na mama yake mwenyewe ameiziba. Kabamba akapumua, akasema basi wapande, treni inaita.

Lakini mama hakupanda. Alitazama behewa lisilo na paa, na watu walivyobanana mle kwenye jua. Akamtazama binti yake aliyekaa chini kwenye vumbi la pale alipozaliwa. Akamgeukia Mukuna tena.

"Tata, ku magasin yako, mutu anaweza kuweka kitu yake, we ukachunga?"

"Anaweza, mama."

"Hamuyapoteza?"

"Bitu bya kampuni njo banaiba. Bitu bya batu, bya kuchungisha, hata kimoya hakiyapotea."

"Basi mi nakuachia huyu, uchunge. Iko yangu, umesema mbele ya batu. Usimupatie mutu, hata akuye na rungu, hata akuye na ngoma." Hapo alimtazama Kabamba. "Mi mwenyewe njo nitakuya kumukamata."

Kabamba akafungua kinywa. Mukuna hakugeuka hata kumtazama. "We, Kabamba, mama yako alikuacha kwa nani?"

"Kwako, mujomba."

"Basi nyamaza."

Ngalula aliinuka akilia, akishika kanga ya mama yake, akisema, "Mama, mi nakwenda na we, mi nakwenda." Mama Adolphine akavibandua vidole vyake kimoja kimoja.

"Kitu ya magasin haisemake," akamwambia. Akapanda peke yake.

Mukuna alimshika Ngalula mkono mbele ya watu wote, wakatembea mpaka ghalani. Akafungua kufuli, akamwingiza kwa mlango, akamkalisha kwenye kreti. Tangu hapo alikaa mlangoni na upande wa pili hapakuwa na ukuta. Vijana wa mitaa mingine walifika wamesikia kuna mtu wa Kasai ndani. "Iko kitu ya mutu, ya kuchungisha," Mukuna aliwaambia, na Kabamba akasimama kando yake na rungu lake, safari hii akiwa ameligeuzia upande wa pili. Wale vijana wakang'oa mabati yaliyobaki juu ya kichwa cha Ngalula, wakaenda zao. Yeye hawakumgusa.

Habari za mama zilitufikia kwa mdomo wa dereva wa treni. Hakufika hata mpaka wa Katanga. Joto na kiu vilimchukua, wakamzika kando ya reli, mahali ambapo treni ilisimama kungoja maji. Dereva alimwambia Mukuna, Mukuna akaniambia, mimi nikamwambia Ngalula, naye alikaa siku nyingi bila kusema, kama alivyoagizwa.

Aliporudi uwanjani alikuta wasichana wachache mno kwa timu. Hatukuwa na Joyeuse, alikwenda na treni ile ile. Ngalula akatupanga hivyo hivyo. Kitu kimoja kilibadilika. Aliyetufundisha mpira wote mbele sasa alisimama pembeni akipiga kelele kuliko mimi: "Rudi! Ukipeleka mpira, urudi! Usiache mutu nyuma ye moya!" Wasichana wa leo, ambao hawajui treni ile, wanamwona kocha wa kuogopa kufungwa tu. Golini mimi sikufungwa tena ovyo, na sikuifurahia.

Miaka imepita. Kampuni imegawanywa, wageni wengine wanachimba, ghala sasa ni kanisa. Daktari Muamba alirudi mzee, akasema chuma kile anaweza kukitoa kwa urahisi. Ngalula alimjibu akamwulize Tata Mukuna. Mukuna akasema mwenye kitu hajafika. Kila mwisho wa mwaka, wakati wa kukagua ghala, mzee yule alikwenda kwa Ngalula na funguo zisizofungua kitu, akamtazama mguu, akanywa chai, akarudi. Alipokaribia kufa alimvisha Kabamba zile funguo shingoni.

Siku hizi Kabamba ana mvi na mgongo mbovu. Desemba iliyopita nilikuwa kwa Ngalula tukichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, nikasikia hodi ya adabu mlangoni.

"Kocha, bonjour. Nimekuya kukuangalia."

"Mama amefika?" Ngalula akauliza, bila kuinua macho kwenye sombe.

Kabamba alishika funguo zake. Sote watatu tunajua kaburi lake liko kando ya reli.

"Bado, kocha."

"Basi mi niko," Ngalula akasema, na akamsogezea kiti.